Alisema Kwamba Alikuwepo

Waliosoma sekondari Tanzania wanalikumbuka somo hili hata kama wamesahau mengine yote. Mwalimu wa Kiingereza anaandika sentensi ubaoni ikiwa na alama za kunukuu, kisha anawaambia muondoe alama hizo na mbadilishe kila kinachotakiwa kubadilika. "Am" inakuwa "was". "Will" inakuwa "would". "Today" inakuwa "that day", "here" inakuwa "there", "tomorrow" inakuwa "the next day". Ukisahau kimoja tu, maksi imekwenda. Tulilikariri jedwali lile kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha, na kwa kweli lilikuwa linatupa maksi. Kwa nini "here" iwe "there"? Hakuna aliyeuliza, maana mtihani nao haukuuliza.

Mimi nilianza kulifikiria somo hilo nikiwa tayari kazini. Mwandishi wa habari anaishi kwa midomo ya watu. Sehemu kubwa ya ninachoandika kilitamkwa na mtu mwingine, mahali pengine, saa nyingine, na kazi yangu ni kukifikisha kwa msomaji ambaye hakuwepo. Nikiweka alama za kunukuu, nimeahidi kwamba maneno ni yake. Nikiziondoa na kuandika "alisema kwamba", nimechukua maneno yake nikayapitisha mdomoni mwangu. Walimu wetu wa Kiswahili waliita hizi kauli halisi na kauli taarifa. Tofauti yake tuliambiwa ni ya alama na nyakati. Kumbe ndani yake kuna suala la nani ana sauti na nani ameazimwa.

Hebu tuanze na sarufi yenyewe, maana wengi tulipewa orodha bila mantiki. Kila mtu anapozungumza, maneno yake yamefungwa kwenye vigingi vitatu: mimi, hapa, sasa. Asha akiniambia leo, akiwa Tanga, "Nitakuja hapa kesho," kila kitu katika sentensi hiyo kinasimama pale alipo yeye. Nikija kuisimulia baada ya wiki nikiwa Dodoma, "mimi" si yule, "hapa" si pale, na ile kesho imeshapita zamani. Kiingereza kinanitaka ning'oe vigingi vyote vitatu nikavipigilie kwangu: "Asha said she would go there the next day." Ona, hata "come" imegeuka "go", kwa sababu anakokwenda Asha siko niliko mimi. Sentensi imehama kiwanja. Ilikuwa ya Asha, sasa ni yangu, na Asha amebaki humo kama mpangaji.

Kiswahili nacho kinahamisha, lakini hakihamishi vyote. "Asha alisema atakwenda kule kesho yake." Nafsi imebadilika, mahali pamebadilika, ila ile "-ta-" ipo palepale. Ahadi ya Asha inaendelea kutazama mbele kutoka pale alipoitoa. Kiingereza kinamvua Asha saa yake na kumvalisha ya kwangu. Kiswahili kinamwachia saa yake mkononi.

Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka ikukute kwenye habari ya mtu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya ajali pembezoni mwa jiji. Mtoto wa darasa la tatu aligongwa na daladala akivuka barabara, akafariki palepale. Dereva hakukimbia. Anayezijua barabara zetu anajua uzito wa jambo hilo, kwa sababu wapo madereva wanaokimbia hata pale ambapo hawana hatia, kwa kuogopa mawe ya umati. Huyu alibaki. Mama wa mtoto alipofika, akiwa ameshikwa huku na huku na majirani, alikuwa anasema neno moja tu, "Mwanangu jamani, mwanangu." Dereva akamsogelea. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikiwa na daftari. Akasema: "Pole mama. Pole sana. Mimi nipo, sikimbii."

Habari ya Kiswahili ilitoka na maneno yale kama yalivyo. Tatizo lilikuja jioni, kwenye toleo la Kiingereza. Mhariri aliyekuwa zamu, mtu makini ambaye Kiingereza chake huwezi kukitilia shaka, aliitafsiri na kuifupisha. Niliona kwenye skrini yake: dereva "told the mother that he was very sorry", na mstari unaofuata, "He said he was there and would not run away."

Mwalimu wangu wa kidato cha pili angeipa sentensi hiyo maksi zote. Nafsi ya kwanza imekuwa ya tatu, wakati uliopo umekuwa uliopita, "will not" imekuwa "would not". Sasa isome tena kama msomaji ambaye hakuwepo pale. Huyu dereva ameomba radhi. Amekiri kwamba alikuwepo. Amesema hatakimbia, kana kwamba kuna mtu alimshutumu kwa kutaka kukimbia. Sentensi tatu za ubinadamu zimegeuka maelezo ya mtuhumiwa kituoni.

Tuzichukue moja moja. "Pole" sisi tunampa mgonjwa, msafiri, aliyefiwa, aliyebeba mzigo mzito, mwanafunzi aliyetoka kwenye mtihani. Mtu akijikwaa mbele yako unamwambia pole, na jiwe hukuliweka wewe. Neno hilo linasema nimeona taabu yako. Waingereza nao humwambia mfiwa "sorry", hilo najua, na kati ya mtu na mtu wanaotazamana usoni linaeleweka. Lakini likishapita kwenye kauli taarifa, mbele yake pakakaa neno "dereva" na nyuma yake pakawa na maiti ya mtoto, msomaji hana njia nyingine ya kulisoma isipokuwa kuomba msamaha. Na anayeomba msamaha amekosa.

"Nipo" ndiyo iliniuma zaidi. Ukimwambia mfiwa "mimi nipo", unamwambia hauko peke yako, nimesimama na wewe, nitakuwepo kesho na keshokutwa. Ni neno la wakati uliopo kwa maana zote. Ukilisukuma nyuma kwenye wakati uliopita kama kanuni inavyotaka, linakuwa "he was there", alikuwepo. Alikuwepo wapi? Kwenye tukio. Neno la kumfariji mama limekuwa ushahidi.

Nilimwambia mhariri hivyo. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Lakini kaka, kisarufi kosa liko wapi?" Nikamjibu kwamba halipo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tulibishana labda robo saa, na ukurasa unasubiriwa kiwandani. Yeye alikuwa na hoja ya nafasi: kauli taarifa hubana maneno, nukuu hula mistari. Mimi nilikuwa na hoja moja tu, kwamba polisi walikuwa hawajamaliza hata kupima barabara, na gazeti halina kazi ya kuwa shahidi wa kwanza dhidi ya mtu kwa kutumia pole yake. Kama alikuwa na kosa au hakuwa nalo, mimi sikujua, wala haikuwa kazi yangu kuamua. Mwishoni alikata sentensi moja ya historia ya ajali katika eneo lile, akaweka nukuu: dereva alimpa mama rambirambi, kisha kwa maneno yake mwenyewe, "I am here. I am not running away." Nyakati zikabaki zilipokuwa, na yule mtu akabaki amesimama.

Vipi kuhusu mama? Kitabu chetu cha sarufi kilikuwa na kanuni ya vihisishi pia. "Hurrah!" inageuzwa kuwa "exclaimed with joy", na "Alas!" inageuzwa kuwa "exclaimed with sorrow". Katika maisha yangu yote sijamsikia mtu wa Dar es Salaam, wala wa kokote kule, akisema "Alas". Nimesikia "Mama wee!", nimesikia "Loo!", nimesikia "Jamani!" Kwa kanuni ile, mama aliyepoteza mtoto "exclaimed with sorrow". Ni kweli, na ni bure kabisa. Kuna maneno hayaripotiki. Unayanukuu au unanyamaza.

Nimekuwa nikifikiria jambo hili ninapopita mahakamani. Kwa miaka mingi, ukiacha mahakama za mwanzo zilizotumia Kiswahili, kumbukumbu za kesi zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi anasimama kizimbani anaeleza kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Kesi ikikatiwa rufaa, majaji wa juu wanasoma faili ambalo ndani yake shahidi "amesema" maneno ambayo hakuwahi kuyatamka. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Wengi tuliliandika kama habari ya heshima ya lugha ya taifa, na heshima ipo. Mimi niliiona pia kama habari ya sarufi. Yule aliyesema "mimi nipo" sasa ana nafasi kubwa zaidi ya kuandikwa kwamba alisema "mimi nipo".

Kuna mtego mwingine, na huu haumo kwenye jedwali la shule. Kiswahili hakijali jinsia ya nafsi ya tatu. "Alisema bosi wake alimwita ofisini usiku" inaweza kuwa ya mwanamume au ya mwanamke, na msomaji hana namna ya kujua. Kwa chanzo cha habari anayeogopa kutambuliwa, hiyo "a-" ni kama shuka: imemfunika. Ukiihamishia Kiingereza, lazima uchague "he" au "she", na hapohapo umeifunua shuka. Kwenye ofisi yenye wanaume saba na mwanamke mmoja, neno "she" ni sawa na kuandika jina. Kuna "they" ya umoja inayotumika sasa, na mimi naitumia, ingawa kuna wahariri wanaoirudisha wakidhani nimekosea hesabu. Njia ya uhakika zaidi imekuwa ileile ya kwanza, yaani kumnukuu mwenyewe. "My boss called me." Mtu akisema "mimi", hana jinsia. Kwa hiyo kauli halisi, ambayo tungedhani ndiyo inamweka mtu wazi, wakati mwingine ndiyo inayomficha.

Mtego wa tatu nilioneshwa na mwenzangu aliyesoma Kenya. Kule somo hili huitwa usemi halisi na usemi wa taarifa, na katika Kiswahili chenyewe wanafunzi hufundishwa kwamba "-ta-" ya wakati ujao inageuka "-nge-". "Nitakuja" inakuwa "alisema kwamba angekuja". Ukiangalia vizuri unaona kivuli cha "would" kimesimama nyuma ya mlango. Sikusudii kugombana na mtihani wa mtu, lakini sikio langu linakataa. Chukua ahadi tunayoisikia kila msimu: "Maji yatafika kijijini mwezi ujao." Mwandishi wa Kiingereza ataandika kwamba maji "would reach the village the following month", na hakuna aliyemtukana kiongozi. Sasa andika kwa Kiswahili: "Kiongozi alisema maji yangefika kijijini mwezi uliofuata." Mwanakijiji yeyote akisoma atauliza, "Yangefika, lakini?" Kwetu "-nge-" imebeba sharti, na mara nyingi imebeba habari kwamba jambo lenyewe halikuwa. Umemgeuza kiongozi kuwa mwongo kabla tarehe haijafika. Ikifika na maji hayapo, hapo sawa, "-nge-" itakuwa imefanya kazi yake.

Na Kiingereza chenyewe hakina ukali tuliofundishwa nao. Jambo likiwa bado kweli wakati wa kuripoti, unaruhusiwa kuliacha kama lilivyo: "She said the water will come." Dunia inaendelea kulizunguka jua hata kama mwalimu aliyesema hivyo amestaafu, na ndiyo maana vitabu vyenyewe vinaacha "goes" isiguswe. Kwa hiyo kurudisha nyakati nyuma kuna uamuzi ndani yake. Anayeandika "will" bado amesimama karibu na ahadi. Anayeandika "would" ameshapiga hatua nyuma na kukunja mikono. Mtoto wa shule akijua hilo ataliona somo kwa jicho jingine.

Kiswahili kina njia zake za kukunja mikono. Kina "eti". "Eti anaumwa." Neno moja tu, na msikilizaji ameshajua mambo matatu: kuna mtu kasema, si mimi, na mimi siamini sana. Kiingereza kingehitaji sentensi nzima kubeba mzigo huo. Kina "alidai", ambalo ndani yake kuna deni: anayedai bado hajalipwa, na anayedai jambo bado hajaaminiwa. Hebu siku moja chukua gazeti lolote uhesabu mwenyewe. Utakuta polisi "wameeleza", kampuni "imefafanua", waziri "amesisitiza", na mama mwenye shamba lililochukuliwa "amedai". Wote wamefungua mdomo na kutoa maneno, na hakuna aliyeonesha hati. Sarufi imeshatoa hukumu kabla msomaji hajafika aya ya tatu. Nafsi na nyakati mwandishi anaweza kuzipatia zote na bado akawa ameonea mtu kwa kitenzi kimoja.

Hata hilo neno "kwamba" lenyewe lina historia ya mdomo. Limetoka kwenye kitenzi cha zamani, "kuamba", yaani kusema, ambacho bado tunakisikia ndani ya "kuambia". Kila ukiandika "alisema kwamba" umesema kusema mara mbili, kama mtu anayeapa: alisema, nasema alisema.

Wapenzi wa riwaya watakuwa wameshaona ninakoelekea. Fasihi imeishi kwenye mpaka huu kwa muda mrefu. Jane Austen, aliyefariki mwaka 1817, alikuwa fundi wa mtindo ambao mwandishi anaondoa alama za kunukuu, anaondoa na "alisema kwamba", lakini anaacha mihemko ya mhusika ndani ya sentensi za msimulizi. Huwezi kuonesha kwa kidole anapoishia msimulizi na anapoanzia mhusika. Kiswahili kinaupokea mtindo huu kama ndugu, kwa sababu nyakati zetu hazilazimiki kurudi nyuma. Jaribu tu: Mama Rehema alisimama mlangoni. Eti wakwe wanakuja leo! Na nyumba yenyewe ndiyo hii, hata kiti cha mgeni hakuna. Nani kasema hayo? Hakuna aliyenukuliwa, lakini umemsikia.

Na yupo Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kupewa Nobel ya fasihi mwaka 2021. Katika Paradise ya mwaka 1994, kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba yake. Amezoea kumwita mjomba Aziz, na huko aendako Khalil anamkataza: mtu huyu si mjomba wako, mwite Seyyid. Watu wa pwani ile tunawasoma kwa Kiingereza, lakini masikioni mwangu mazungumzo yao yalitangulia kuwa ya Kiswahili. Nilikuwa nakisoma kitabu kile kama kauli taarifa moja ndefu: Gurnah ananieleza kwamba walisema hivi na hivi. Mwaka 2022 ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na nikapata hisia ya ajabu kidogo kwa tafsiri, kwamba maneno yamerudishiwa alama zake za kunukuu. Wahusika wamerudishiwa ndimi zao.

Sisemi tuache kauli taarifa. Gazeti lisingeandikika bila hiyo, wala barua, wala umbea wa kibarazani. Ninachofanya siku hizi ni kitu kidogo. Nikishaandika "alisema kwamba" kwenye jambo zito, nampigia simu aliyesema na kumsomea sentensi yangu. Sitafuti kibali chake. Nataka kusikia kama atajitambua humo. Wengi husema sawa. Lakini mwaka juzi, bibi mmoja mkulima alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia: "Maneno ni hayo mwanangu, ila aliyeyasema si mimi."

Nikafungua daftari tena, nikamwomba aanze mwanzo, naye akaanza.